Kuipima Lenzi ya Mbali kwa Nuru ya Kwetu

Atakaye kununua lenzi ya kuvuta, yaani ile impayo mpigapicha uwezo wa kumsogeza karibu ndege aliye juu ya mbuyu au mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja pasipo yeye mwenyewe kuhama pale aliposimama, yampasa kwanza ajue kwa yakini ni kitu gani kinachouzwa katika ile tofauti kubwa ya bei iliyopo baina ya lenzi ya fahari na lenzi ya kadiri. Watu wengi hudhani kuwa kinachouzwa ni uzuri wa picha, na wauzaji hawana haja ya kuwakanusha. Lakini aliyezishika lenzi za namna zote mbili, akazitumia kwa kazi ile ile na mahali pale pale, hatakawia kutambua kuwa sehemu kubwa ya fedha ile hulipiwa nuru, na sehemu iliyobaki hulipiwa uimara, wala ukali wa mistari na usafi wa rangi hauchukui ila fungu dogo.

Tutazame mfano ulio bayana. Lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la f/2.8, toleo la pili la zile zenye mtambo wa kutuliza mtikiso, ilitoka mwaka 2010 kwa bei iliyokaribia dola 2,500 za Marekani, na uzito wake ni gramu 1,490. Kampuni hiyo hiyo tangu mwaka 1999 ilikuwa ikitengeneza lenzi ya masafa yale yale, ila yenye tundu la f/4 na isiyo na mtambo huo, ambayo uzito wake ni gramu 705, usiofika hata nusu ya uzito wa ile ya kwanza. Hesabu yake si ngumu: tarakimu ya tundu hupatikana kwa kuugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa njia ipitayo nuru, basi lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 huhitaji njia ya upana wa milimita 71 hivi, na yenye f/4 huhitaji milimita 50. Tofauti ya milimita 21 ni ndogo machoni, lakini eneo la duara lile kubwa ni maradufu ya lile dogo, na vioo vilivyomo ndani havina budi kupanuka kwa kadiri hiyo na kusagwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, maana miali ipitayo karibu na kingo za kioo kipana ndiyo iliyo migumu kuliko yote kukutanishwa mahali pamoja. Hapo ndipo fedha ilipokwenda, na uzito nao ukafuata.

Nuru maradufu humwezesha mpigapicha kuifunga shata kwa nusu ya muda, asimamishe kile kinachokwenda mbio au aizuie mikono yake isiiharibu picha. Ni faida ya kweli. Swali linalomhusu mnunuzi wa Afrika Mashariki ni kwamba ataitumia lini. Na hapa naona kuwa tumekuwa tukiyafuata mashauri ya wenzetu wa nchi za mbali pasipo kuyapima kwa mizani ya kwetu. Sisi tunakaa ikweta au kandokando yake, ambako jua huchomoza na kuzama karibu wima, na mapambazuko yetu hayana ule urefu wa nchi za kaskazini, ambako nuru hafifu ya machweo huweza kudumu kwa saa nyingi, na mchana wa Desemba huwa kama jioni isiyokwisha. Mpigapicha wa Finland anayo hoja madhubuti ya kutaka f/2.8. Wa Dodoma aitafute hoja yake mwenyewe. Iko kanuni ya zamani, ya tangu siku za filamu, isemayo kuwa penye jua kamili, tundu likiwekwa f/16, kasi ya shata huwa moja chini ya kiwango cha filamu. Kwa kiwango cha ISO 100 ni sehemu moja ya 100 ya sekunde. Lifungue tundu hadi f/5.6, ambalo ndilo tundu la kawaida la lenzi za kadiri zikivutwa hadi mwisho wake, nawe utapata 1/800. Pandisha kiwango hadi ISO 400, ambacho kamera za leo hukibeba pasipo kuitia picha dosari yoyote inayoonekana, nawe unayo 1/3200, kasi impasayo hata swala aliyekurupuka. Kwa kuwa kanuni nyingine ya kale yataka kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, yaani 1/300 kwa lenzi ya milimita 300, ni dhahiri kuwa kwa muda mwingi wa mchana wetu lenzi isiyo ghali ina nuru ya kutosha na ya kubaki.

Lakini sitaki kumdhulumu mwenye haki yake. Yuko mpigapicha ambaye kwake f/2.8 si anasa bali ni chombo cha riziki, naye ni yule asimamaye ukumbini Dar es Salaam au Mombasa saa nne za usiku, taa za rangi zikizunguka darini, bibi harusi akiingia kwa hatua za taratibu, na flashi haifai kwa sababu itaiua nuru yote iliyopambwa kwa ajili ya usiku ule. Pale ambapo lenzi ya f/2.8 yataka ISO 1600, ile ya f/5.6 itataka ISO 6400 ili kuipata kasi ile ile, na katika ISO 6400 kamera nyingi hujaza chembechembe katika ngozi na kuondoa ule wororo wa uso ambao ndio uliomfanya mtu akaita mpigapicha. Kadhalika apigaye mpira wa usiku chini ya taa za uwanja, na apigaye waimbaji wa taarabu jukwaani. Ikiwa kazi hizo ndizo zimlishazo, na anunue ile ghali wala asijute. Ikiwa humjia mara chache kwa mwaka, heri aikodi kwa usiku mmoja mmoja kuliko kuibeba shingoni mwaka mzima.

Kuna dai jingine la wapenda matundu mapana, kwamba ni f/2.8 pekee iwezayo kulainisha mandhari ya nyuma hata mtu akaonekana amejitenga na kila kitu. Dai hili lina nusu ya ukweli. Kinacholainisha mandhari ya mbali, ukiwa umesimama mahali pale pale, ni ule upana wa njia ya nuru tuliouhesabu, si tarakimu iliyochapwa. Na lenzi ya milimita 300 yenye f/5.6 ina njia ya milimita 53 na kitu, ikiizidi kidogo ile ya 200 yenye f/4. Basi mwenye lenzi ya kadiri aivute hadi mwisho, amsogeze mtu wake mbali na ukuta, nyuma kuachwe nafasi, naye atapata ulaini mwingi kuliko alivyoambiwa.

Wala lenzi za kadiri si makombo ya zile za fahari katika kila jambo. Mtambo wa kutuliza mtikiso, ambao leo hakuna anunuaye lenzi ya mbali pasipo kuuulizia, katika lenzi za kubadilishwa za kamera za picha ulianza mwaka 1995 kwenye lenzi ya Canon ya milimita 75 hadi 300 yenye f/4 hadi f/5.6, lenzi ya watu wa kawaida, na ile ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 ikangoja hadi mwaka 2001 kuupata. Mtambo huo hutuliza mkono wako tu. Hauwezi kumtuliza mtoto achezaye wala jani lipeperushwalo na kusi. Lakini kwa jengo la kale, kwa jahazi lililotia nanga, kwa uso wa mzee aliyetulia barazani, hufidia sehemu kubwa ya nuru ambayo tundu dogo limeinyima lenzi, na kwa rai yangu lenzi ya kadiri isiyo nao haifai kununuliwa isipokuwa kwa sababu maalumu nitakayoitaja.

Sasa tuje kwenye kuipima lenzi yenyewe, na hapa ndipo penye kazi, kwa kuwa lenzi ghali hukaguliwa kwa ukali zaidi kabla ya kutoka kiwandani, ilhali za kadiri hutofautiana; mbili za jina moja, zilizotoka siku moja, huweza kuwa moja njema na nyingine dhaifu. Nyingi zinazofika katika maduka ya Kariakoo na kwingineko zimekwisha kutumika, na kwa watu wa pwani adui wa kwanza wa lenzi iliyotumika ni kuvu. Viondoe vifuniko vya lenzi pande zote mbili, ulisukume tundu liwe wazi kabisa, kisha umulike kwa kurunzi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mshazari kutoka mbele, ukiigeuza polepole. Vumbi la chembe chache lisikutishe, kwa maana kila lenzi irefukayo inapovutwa huvuta hewa, na hewa huja na vumbi lake, nalo halionekani katika picha. Kuvu ni nyuzi nyembamba zenye matawi, mithili ya utando wa buibui, aghalabu zikianzia ukingoni mwa kioo. Zikiwa changa fundi huweza kuzisafisha. Zikikaa hula ule utando mwembamba wa rangi uliopakwa juu ya kioo kuzuia mng'ao, na alama yake haifutiki tena. Ukiona weupe kama pumzi iliyoganda juu ya kioo cha ndani, hiyo ni haze ya mafuta au unyevu, nayo huipokonya picha weusi wake na kuiacha kama iliyofuliwa mara nyingi. Lenzi ya namna hiyo irudishe dirishani hata bei ikishushwa nusu.

Usiache kutazama vichwa vya skrubu nyuma ya lenzi, kwa sababu skrubu iliyokwaruzwa ni shahidi kwamba lenzi imefunguliwa na mkono usio na zana sahihi, na vioo vilivyotolewa vikarudishwa bila vipimo mara nyingi havirudi katika mstari wake. Zungusha pete ya kuvuta kutoka mwanzo hadi mwisho: mwendo uwe wa uzito mmoja, pasiwe na mahali panapokwama wala panapolegea, wala pasisikike mchanga. Ishike ikitazama chini; ikiwa mwili wake unashuka wenyewe hilo ni ulegevu wa uzee, si ugonjwa wa kufisha, lakini ni haki yako kulitia katika mapatano ya bei. Ukiivuta hadi mwisho, kishike kichwa chake kwa vidole viwili ukitikise kwa upole. Kucheza kidogo ni desturi ya lenzi za plastiki. Kukiwa kwingi, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na wa pili utakuwa mfu. Hilo la mwisho ndilo dosari kuu ya lenzi za bei nafuu.

Ili kulithibitisha, usitegemee kiwambo kidogo cha nyuma ya kamera wala picha moja iliyopigwa mlangoni mwa duka. Omba ruhusa utafute ukuta wa matofali au wa vigae ulio mbali kidogo, usimame mkabala nao sawasawa, kamera iwe juu ya stendi ya miguu mitatu, mtambo wa kutuliza umezimwa, na shata ifyatuliwe kwa saa ya kuchelewesha ili mkono wako usiwe na hatia. Piga katika urefu mfupi, wa kati na wa mwisho, kila mahali kwa tundu lililo wazi kabisa na kwa f/8, kisha ukuze pembe zote nne. Pembe zote zikipungua ukali kwa kadiri moja, hiyo ni tabia ya lenzi, na f/8 itaiponya kwa kiasi kikubwa. Pembe moja ikiwa dhaifu na ya mkabala wake ikawa kali, vioo vimetoka katika mstari, na hapana tundu litakaloiponya. Rudia jaribio hilo kamera ikiwa imesimamishwa wima. Lenzi ya Canon ya 70 hadi 300 iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa na kasoro katika zile za mwanzo, picha zikififia kamera ikisimamishwa wima peke yake, na kampuni ikalikiri jambo hilo na kuzitengeneza. Lakini si kila iliyo na kasoro ilirudishwa kwa fundi. Mwisho elekeza lenzi kwenye ukingo wa paa la bati au makuti ya mnazi yaliyo mbele ya mbingu nyeupe, utazame kama kuna mstari wa zambarau au kijani kando ya weusi. Mstari mwembamba huondolewa baadaye kwa programu. Mpana, unaomeza ukingo wenyewe, hauondoki.

Jambo moja la kuwa mkweli nalo: karibu kila lenzi ya kadiri hupungua nguvu katika mwisho wa urefu wake, na tarakimu iliyochapwa kwenye pete si ahadi ya ukali. Zile za 70 hadi 300 nyingi ni njema hadi 200, za kuridhisha hadi 250, na baada ya hapo hudai f/8 ili zirudi katika hali yake. Kwa jua letu f/8 si adhabu. Lakini iko lenzi moja ambayo sina budi kumtahadharisha mnunuzi nayo, ile ya Canon ya 75 hadi 300 isiyo na mtambo wa kutuliza, ambayo mara nyingi huuzwa katika furushi moja na kamera ya kwanza ya mtu. Huyo aliyeipata kwa njia hiyo huvuta hadi mwisho, akaona uvundevunde, akakata tamaa na upigaji wa mbali kabisa, ilhali kosa si lake wala si la lenzi za kadiri kwa jumla. Kwa kamera za Canon zenye kipokezi cha nuru kilicho kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, ile ya 55 hadi 250 iliyotoka mwaka 2013 ni bora kuliko hiyo kwa kila kipimo: ina gramu 375, kichwa chake hakizunguki inapotafuta shabaha, na milimita zake 250 huona kwa ufinyu wa 400. Mwenye Nikon aitafute ile ya 70 hadi 300 yenye mtambo wa kutuliza, ya mwaka 2006. Na Tamron nayo ilitoa mwaka 2010 ya masafa hayo hayo ambayo naiheshimu sana.

Kama ningeulizwa nichague moja tu kwa fedha ya kadiri, ningeichagua ile ya 70 hadi 200 yenye f/4 ya mwaka 1999, iliyokwisha kutumika, na hii ndiyo ile ya kipekee niliyosema yaweza kusamehewa ukosefu wa mtambo wa kutuliza. Ina kioo kimoja cha floraiti, madini ambayo husafisha rangi za kingoni kuliko kioo cha kawaida. Hairefuki inapovutwa, hivyo hainyonyi vumbi. Na tundu lake halipungui kutoka mwanzo hadi mwisho. Weupe wa mwili wake hutuliza joto la jua, kwa kuwa floraiti hutanuka kwa joto, ingawa weupe huo huo huvuta macho ya watu njiani kuliko mwenye lenzi apendavyo. Haikuzibwa dhidi ya mvua, basi masika aifunike. Tangu Canon na Nikon zilipoanza mwaka 2018 kuuza mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo cha kuinuka, wengi wameziuza lenzi zao za mfumo wa zamani na bei zikashuka, ilhali kipande cha kuunganishia huzifanya zifanye kazi barabara katika kamera mpya.

Apendaye wanyama wa mbugani huhitaji urefu zaidi, na kwake ziko zile za 150 hadi 600 zenye f/5 hadi f/6.3, ya Tamron iliyotangulia mwishoni mwa 2013 na ile nyepesi ya Sigma iliyofuata, kila moja ikikaribia kilo mbili, kwa bei iliyo chini ya sehemu ya kumi ya ile ya lenzi za 600 zenye f/4. Lakini mbugani kuna hakimu asiyejali bei. Ikifika saa nne za asubuhi katika nyanda za Serengeti au Amboseli, ardhi imekwisha kupata moto na hewa iliyo juu ya nyasi inatetema. Simba aliye mbali atatoka kama aliyechorwa ndani ya maji, ikiwa lenzi ni ya dola 1,000 au ya dola 12,000. Dawa yake ni kuondoka mapema na kukaribia kwa kadiri sheria za hifadhi zinavyoruhusu, kumwomba dereva azime injini, na kuilaza lenzi juu ya mfuko wa maharage uliowekwa kwenye dirisha la gari, ambao hushika lenzi kwa uthabiti kuliko stendi na hugharimu kidogo kuliko kifuniko cha lenzi.

Ukiisha kuileta nyumbani, usiihifadhi katika mfuko wa ngozi wala katika mkoba uliofungwa ndani ya kabati, kwani hivyo hushika unyevu na kuipa kuvu malazi. Itie katika sanduku la plastiki lenye kifuniko kibanacho, pamoja na chembe za silika zenye rangi ya kuonyesha unyevu. Rangi ikibadilika, uzikaushe katika oveni kwa moto mdogo na kuzirudisha. Baada ya siku ya ufukweni ipanguse mwili wake kwa kitambaa kibichi kidogo ili kuondoa chumvi, uiache ikauke kabla ya kuifungia, na kila juma itoe uitumie.